Kibla cha Ghala la Digbeth
Abdulnasir, mwenyekiti wa jumuiya ya Waislamu, ni mtu asiyeambilika. Walipokodi ghala la zamani kule Digbeth, katika mji wa Kiingereza, wapate pa kusali, alisimama kando ya nguzo ya chuma na dira yake ndogo, akatazama sindano, akaamuru zulia libandikwe kwa gundi kufuata kibla hicho. Hakuuliza mtu.

Mwanakhamis aliona kosa siku ileile. Miaka ishirini alisomesha fizikia Unguja; hapa anaosha vyombo vya maabara Selly Oak, na Ijumaa ndiyo siku pekee anayokaa na watu wake. Lakini kusali kombo na kunyamaza, hapana.

"Dira imevutwa na nguzo," alimwambia.

"Simu yangu nayo imesema hivyohivyo, sister."

"Uliishika wapi?"

Palepale penye nguzo, bila shaka. Mwanakhamis akamweleza habari za Gilbert, daktari wa Kiingereza wa zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Watu walishikilia kuwa kitunguu saumu huua nguvu ya sumaku. Yeye aliipaka sumaku kitunguu hicho, ikavuta chuma kama kawaida. Kisha akachonga jiwe la sumaku likawa tufe, akapitisha sindano juu yake, ikageuka kama dira inavyogeuka duniani, akatambua kwamba dunia yenyewe ni sumaku.

"Alijaribu kwanza, ndipo akasema," Mwanakhamis alimaliza.

Abdulnasir aliwageukia wanaume. "Bi Mwanakhamis anatuletea kafiri na vitunguu vyake atuonyeshe Makka."

Wakacheka, wazee wazima. Mwanakhamis alitamani kumzaba kofi Abdulnasir. Badala yake alimpokonya dira, akatembea nayo polepole kutoka kwenye nguzo hadi uani, nao wakimfuata. Sindano ikageuka mbele ya macho yao. Mbali na chuma ikatulia, na kosa likaonekana: nyuzi thelathini nzima.

Ijumaa iliyofuata zulia lilikuwa limegeuzwa. Abdulnasir alishika maikrofoni, akaishukuru kamati kwa kugundua kosa. Jina la Mwanakhamis hakulitaja. Akaongeza kwamba safu sasa zimekaa mshazari na zimekula pembe ya wanawake, kwa hiyo akina mama wasali majumbani mpaka nafasi ipatikane.

Wanawake wakaokota viatu vyao. Fartun, aliyesali ubavuni mwa Mwanakhamis kila wiki, alimpita kama hamjui, kisha akasimama mlangoni.

"Si ungenyamaza tu," alisema. "Tulikuwa na mahali."