Nyumba Ndani ya Vigingi

Mwaka jana nilishuka Kibaoni siku ya gulio, nikapita kwenye meza za samaki. Perege wanene walikuwa wamepangwa juu ya majani, bado wana utelezi wa maji. "Hawa ni wa karibu na mlangoni, dada," muuzaji aliniambia. "Lakini wamevuliwa nje ya vigingi, si wa wizi." Nilinunua wawili, nami sikuwa hata na jiko la kuwapikia. Neno lile, vigingi, lilinirudisha utotoni. Kaa nikueleze kwa nini.

Mlangoni ni pale mto unapoingia Ziwa Rukwa. Maji yanapunguza mwendo, yanatanda kwenye matete, na humo ndimo samaki wanamozaliana. Upande huu wa mto kuna kijiji, na ng'ambo kuna kingine. Nyumba ya bibi ilikuwa mbali na vyote viwili, juu ya kichuguu kipana katikati ya matete. Mama alinileta pale miaka ya tisini, nikiwa bado mdogo, baada ya baba kufariki. Yeye akarudi Mpanda mjini kuuza chakula karibu na stesheni ya treni. "Mvua zikiisha nakuja kukuchukua," alisema. Mvua ziliisha, zikaanza nyingine.

Kulikuwa na raha zake, siwezi kudanganya. Ukiamka unasikia viboko wanarudi majini wakikoroma kama wazee waliokesha kwenye pombe. Bibi alisonga ugali wa muhogo, akaunga perege wa moshi kwa karanga, na harufu yake ilinifuata mpaka shambani. Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege kwenye mpunga. Nilipiga debe na kupayuka mpaka sauti ikakauka. Lakini masika maji yalituzunguka pande zote, hata shule sikwenda. Nilikaa kizingitini nikitazama mvua, nikajiona kama kuku aliyefunikwa kwa tenga.

Wakati huo samaki walikuwa wanapungua. Watu wa ng'ambo waliwalaumu wa huku kwa kuvua na vyandarua. Wa huku waliwalaumu wa ng'ambo kwa kuchoma matete na kulima mpaka ukingoni. Wote kwa pamoja waliwalaumu wafugaji wa Kisukuma na ng'ombe wao. Fimbo zilishapigwa, watu wakaacha kusalimiana hata gulioni. Mpaka msimu mmoja nyavu zikatoka tupu, za huku na za kule, ndipo wenyeviti wa vijiji vile viwili wakakubali kukaa pamoja.

Walipatana kwamba mlangoni pasivuliwe, pasilimwe, na ng'ombe wasinyweshwe pale. Vijana wa pande zote wakapigilia vigingi vyenye vitambaa vyekundu, walinzi wakachaguliwa, mbuzi wakachinjwa. Wanawake waliokuwa hawasemeshani walipika sufuria moja, wakachekana kwa namna kila mmoja anavyokata vitunguu. Ilikuwa siku nzuri, nakuambia kweli. Nilikula wali mpaka nikashindwa kutembea.

Tuliporudi nyumbani tulikuta vigingi vimetuzunguka. Tulikuwa ndani, sisi na mpunga wa bibi uliokuwa umeanza kutoa masuke.

Kuanzia hapo nilipekuliwa kikapu kila nilipokwenda shule, na wenzangu wananitazama. Bibi hakuruhusiwa kutoa majini hata kambale mmoja, tukawa tunateremshia ugali kwa mlenda mtupu. Akaenda kwa mwenyekiti wa huku kuomba mahali pa kuhamia. "Bibi, wewe uliolewa ng'ambo," alijibiwa. Akavuka kwa mtumbwi. Kule wakamwambia, "Mzee wako ameshafariki, na wewe ni mzaliwa wa kule. Nenda kwa ndugu zako." Alirudi, akakunja kanga yake polepole. Mpunga uliiva, ukaanza kuinama, na kuingia na mundu ilikuwa kosa.

Mimi niliamua kutoroka nimfuate mama Mpanda. Nilifika kwenye kigingi, mlinzi akaniuliza naenda wapi peke yangu. Nikageuza.

Vijiji vilipoitisha mkutano mwingine, bibi alinishika mkono tukaenda. Alingoja mpaka wanaume walipomaliza kupongezana, akasimama.

"Sijaja kuvunja mlichopatana," alisema. "Samaki na wazaane. Lakini nyie samaki mmewawekea walinzi, na mimi nimo humo humo ndani na mtoto huyu. Mbona sisi hatulindwi?"

Kuna waliocheka, kisha wakaacha. Mwenyekiti wa huku akaanzisha tena habari ya kuolewa. Msukuma mmoja mfugaji aliyekaa jirani nasi, ambaye ng'ombe wake sasa walitembea mbali kutafuta maji, akamkatiza.

"Mimi mmenifungia maji nikakubali. Mayu huyu, mama wa watu, mnataka afe na njaa? Nitamkatia shamba langu kipande. Nyie mhamisheni."

Wenyeviti wakatoa ruhusa. Wiki ile ile wanawake wa huku na wa ng'ambo waliingia na mundu, wakavuna mpunga wote kabla jua halijazama. Wanaume wakabomoa nyumba, wakabeba miti na mlango vichwani kwenda kwa yule mfugaji.

Nilidhani tumefunguliwa. Shamba lilikuwa zuri, udongo mweusi, na mahindi yalistawi. Lakini babu alikuwa amezikwa kule kwenye kichuguu, na sheria haikumwacha mtu kuingia. Kila alasiri bibi alitembea mpaka mpakani. Mlinzi alimwamkia kwa heshima zote, ila hakumpisha. Nikimuuliza bibi anafanya nini pale, ananijibu, "Napumzika tu." Mwaka uliofuata mama alikuja kweli. Nilipanda lori la mahindi nikiimba, na bibi akabaki amesimama barabarani.

Sasa bibi hayupo, na wenyeviti wale wote wawili wamekufa. Vijiji bado vinalinda mlangoni kwa zamu, na moyoni nasema wamefanya vema, maana watoto wa kule wanakula samaki. Siku ile baada ya gulio nilikodi pikipiki mpaka ukingoni. Matete yalikuwa yamefunga kabisa. Nikamuuliza mlinzi, kijana mpole, kichuguu kilichokuwa na nyumba kiko wapi.

"Humo hajawahi kukaa mtu, mama," aliniambia.

Sikumbishia. Ningemwonyesha nini? Nilitamani mno kutoka mahali pale, nikatoka, na sasa nimebaki peke yangu ninayejua kwamba paliwahi kuwashwa moto wa kupikia.