Posa ya Kiti cha Eagan

Kiti cha mkuu wa kiwanda cha Eagan, mji wa baridi kule Amerika, kilibaki wazi mwezi wa tatu, mwaka wa 2017, theluji chafu ikiwa bado imelala kando ya barabara, na Jeptoo alikitaka. Alikitaka sana. Lakini hakumwambia mtu, ila mama mmoja tu, Goretti, tena walipokuwa wakiosha vikombe vya kanisa baada ya ibada. Na maneno ya kwenye sinki, mnayajua, hutangulia kutoka nje kabla vikombe havijakauka.

Kiwanda chenyewe kilitengeneza pampu za maziwa, zile za kuvuta maziwa kutoka kwenye mapipa makubwa ya wafugaji. Jeptoo alikuwa mkuu wa wahandisi pale. Kufika hapo hakukuwa mchezo, na afadhali tupitie huko kwanza.

Alizaliwa Nandi, baba yake mtu wa ng'ombe wanne na baiskeli moja ya kupelekea maziwa kwenye kituo cha kupozea. Siku moja pampu ya kituo ikakataa, na maziwa ya kijiji kizima yakaharibika watu wakiyatazama. Baba yake alirudi na mitungi mizito kama alivyoondoka nayo. Wengine walilaani pampu, wengine wakamlaani mwenyekiti. Jeptoo, mtoto wa shule ya msingi, aliuliza tu ndani ya pampu kuna nini. Swali hilo lilimfikisha chuo kikuu Eldoret, akatoka na shahada ya uhandisi wa mitambo, katika darasa ambalo wasichana wangeenea kwenye benchi moja na nafasi ikabaki.

Akapata karatasi za kuja Amerika, akafikia kwa rafiki yake Njeri. Njeri alikuwa mtu wa huruma, lakini huruma yake ilikuwa na njia moja.

"Aki Jeptoo," alimwambia, "hapa kazi ya vyuma hatupewi sisi. Soma unesi kama sisi wote. Mwaka ukiisha uko na gari."

"Nitaosha wazee, nile," Jeptoo akajibu. "Lakini mimi ni injinia anayeosha wazee. Sitaki kuwa mwosha wazee aliyewahi kuwa injinia."

"Eh! Na tofauti ni gani?"

"Utaiona."

Akaenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akawaosha, akawageuza kitandani, akawalisha uji wa viazi, na hakuidharau kazi. Siku za mapumziko aliketi kwenye maktaba akiandika maombi ya kazi za uhandisi. Majibu hayakuja. Aliandika tena, mengine kwa kampuni zilezile, hata Njeri akachoka kumcheka. Mwishowe kiwanda cha Eagan kikampa kazi ndogo kwenye chumba cha kupimia: kushika saa, kuwasha, kuzima.

Sasa, pampu za kiwanda hicho zilikuwa na ugonjwa. Wafugaji wa kaskazini walizirudisha kila baridi ikikolea, zinavuja. Kwenye chumba cha kupimia zilikuwa nzima kabisa, maana chumba kilikuwa na joto la kuvaa shati. Jeptoo akabeba pampu moja siku ya Ijumaa, akaiweka nje, nyuma ya ghala, juu ya theluji.

"Umeipa likizo?" wenzake walimtania.

"Imesema imechoka na joto lenu."

Jumatatu akaijaza maziwa papo hapo nje, vidole vikimuuma hata ndani ya glavu, na pampu ikavuja mbele ya macho yao. Pete ya mpira ilikuwa imejikunja kwa baridi. Akabadili mpira, akaweka nje tena. Ikavuja. Akabadili tena. Alifanya hivyo baridi ile yote na iliyofuata, mpaka akapata pete isiyojali theluji, na wafugaji wakaacha kurudisha pampu. Ndivyo alivyopanda, ngazi kwa ngazi, mpaka akawa mkuu wa wahandisi.

Basi mkuu wa kiwanda alipostaafu, Jeptoo alingoja. Alikokulia, mtu hajiombei kiti. Wanaokujua ndio husema, huyu anafaa. Wewe unakataa kidogo, wanakusukuma, unakubali ukiangalia chini. Anayejisemea huitwa mroho. Kwa hiyo aliendelea na kazi yake, akisubiri aitwe na Susan, rais wa kampuni, aliyekaa makao makuu kule Eden Prairie. Susan hakuita. Na Cyrus wa mauzo, mtu mchangamfu asiye na ubaya, alikuwa akitangaza kwenye kila korido, "Kile kiti nakitaka mimi!" Watu wakawa wanampongeza kabla hajapewa. Maombi yalikuwa yafungwe Ijumaa.

Goretti alipofika nyumbani alimwambia mumewe, Mzee Habiyaremye. Mzee huyu alitoka Masisi kwa vita, akakaa kambini miaka mingi, na sasa alifunga pampu kwenye maboksi palepale Eagan, chini ya Jeptoo. Katikati ya juma alikuwa mfungaji maboksi. Jumamosi alikuwa mtu mwingine: alikuwa msemaji wa posa. Hapakuwa na binti wa kanisa lile, Mkongomani wala Mkenya, aliyeposwa bila ulimi wa Habiyaremye.

"Bon," akasema, yaani haya basi, akiweka kijiko chini. "Mwana yetu anataka kiti, na hana wa kumusemea. Hapo kosa ni letu."

Wakakubaliana kwenda. Jeptoo hakuambiwa, kwa sababu anayesemewa haambiwi. Yeye hukaa ndani mpaka aitwe.

Alhamisi ile Jeptoo alikuwa Eden Prairie kwenye mkutano. Msichana wa mapokezi akampigia simu, sauti yake ikicheka na kuogopa kwa pamoja. "Kuna watu hapa wamevaa vizuri sana. Nadhani ni wako."

Alishuka. Kwenye ukumbi wa vioo, mahali ambapo watu hupita na vikombe vya kahawa bila kuangaliana, alisimama Mzee Habiyaremye na suti ya kijivu na fimbo yake ya Jumamosi. Goretti alikuwa amejifunga mshanana, vazi la sherehe la kufungwa begani, kikapu kichwani. Nyuma yao Solomon, mweka hazina wa kanisa, muuguzi wa Kenya, amekumbatia kreti ya Fanta. Na Susan, aliyekuwa akitoka kwenye maegesho, alikuwa amesimama mbele yao, koti mkononi.

Jeptoo akamvuta mweka hazina kando.

"Solomon!" alinong'ona. "Mmefanya nini?"

"Mimi nilisema tupige simu kwanza," Solomon akanong'ona naye. "Mzee akasema posa haipigiwi simu. Mimi leo ni dereva tu."

"Si wewe unajua Kiingereza? Waondoe!"

"Kiingereza changu ni cha hospitali, dada. Cha kuuliza unaumwa wapi."

Mzee akainua fimbo kidogo. "Tunaomba tukae. Mambo ya kuomba haisemwe wima."

"Anasema nini?" Susan akamuuliza Jeptoo.

Hapo ndipo njia ilipogawanyika. Angeweza kusema, wamepotea, wanatafuta ofisi ya uhamiaji. Susan angecheka, wazee wangeondoka, na kesho Cyrus angepata kiti bila mtu kukumbuka lolote. Ulimi ulikuwa umeshaanza kuelekea huko. Kisha akamwona Goretti, kikapu kichwani, shingo imenyooka kama yuko nyumbani kwa wakwe.

"Anaomba mketi," akasema.

Wakaketi kwenye viti vya ngozi. Goretti akashusha kikapu, akamimina chai kutoka kwenye chupa, ya Susan kwanza. Mzee akakohoa.

"Mama patron, aksanti kutupokea. Sisi tulipita njia, tukaona ng'ombe wetu iko katika zizi lenu. Inakamuliwa vizuri, hatulalamike. Lakini tukasikia katika zizi mulibaki nafasi ya mbele. Tulikuya kuuliza: hiyo nafasi imeposwa?"

Susan akamgeukia Jeptoo.

"Anasema," Jeptoo alianza, jasho likimtoka, "wana... mali yao hapa kwenu, na wanashukuru inatunzwa."

"Hapana," Mzee akasema. "Hukusema *cow*. *Cow* naijua, mwana yangu, naisikia kila siku kiwandani."

"Mzee, siwezi kumwambia mimi ni ng'ombe!"

"Mwambie. Ng'ombe ni heshima. Ningekuwa nakutukana ningesema mbuzi."

Solomon akainamia Fanta zake, mabega yakitikisika.

Basi Jeptoo akatafsiri yote, ng'ombe na zizi na nafasi ya mbele, bila kuacha neno. Susan alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Hawa wamekuja kwa sababu unakitaka kiti cha Eagan?"

Msichana wa mapokezi aliacha kuandika. Kwao Nandi, na kwao Masisi pia, hapo binti huangalia chini akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali. Jeptoo aliangalia chini. Akayaona maji ya theluji yakichuruzika kutoka kwenye viatu vya Mzee, viatu vya kiwandani vilivyong'arishwa, maana hakuwa na vingine. Mtu huyu alikuwa ameomba ruhusa kazini ili aje kumsemea bosi wake mbele ya bosi wa bosi wake.

Akainua uso.

"Ninakitaka," akasema. "Hawakutumwa na mimi, lakini hawajasema uongo. Ninakitaka, na nitaleta maombi yangu leo, kwa mkono wangu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilingoja uniite."

Susan alishusha pumzi. "Mimi nilikuwa mhandisi, Jeptoo. Nilianza nikiwa mwanamke peke yangu kwenye chumba cha wachoraji wa mitambo, na kila kiti nilichokalia nilikiomba kwa kelele. Mwezi mzima nimekuwa nikijiuliza mbona wewe huji. Nikadhani umeshiba ulipo. Hapa asiyesema tunamhesabu kuwa ameshiba."

Kisha akafungua mdomo kuendelea, na Mzee Habiyaremye, ambaye hakuelewa neno ila aliijua sura ya mtu anayetaka kujibu, akanyoosha kiganja.

"Asijibu leo! Mwambie. Safari ya kwanza ni hodi tu. Anayejibu siku ya hodi hakufikiri."

Jeptoo akatafsiri. Sasa Susan alicheka. "Mwambie sitajibu. Kuna kamati. Na wewe ujue, wazee hawa hawataingia nawe kwenye kamati. Huko utaingia peke yako."

"Najua," Jeptoo akasema.

Susan akapokea Fanta moja, akaenda nayo.

Kwenye maegesho Jeptoo alimkabili Mzee. "Mngeniharibia, Mzee! Hamkuona?"

"Tuharibu nini?" Mzee akauliza kwa upole. "Ulikuwa na nini ya kuharibika? Ulikuwa umenyamaza."

Jeptoo akawafungulia mlango wa gari, akarudi ndani, akaandika maombi yake akiwa bado ananukia chai ya tangawizi, akayapeleka kwa mkono wake.

Kamati ilimwita wiki iliyofuata. Walikuwa watu wa mezani, wenye miwani na maswali. Walimuuliza habari za gharama, akajibu. Walimuuliza angefanya nini kwanza, akasema atahamisha meza ya kupimia kutoka kwenye chumba cha joto, iende kwenye banda lisilo na joto, kwa kuwa pampu haiishi chumbani. Mmoja, mzee kuliko wote, akageuza karatasi.

"Hapa kuna miaka ulikuwa unafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Shahada unayo tayari. Huko ulikuwa ukifanya nini?"

Zamani angeangalia chini. "Nilikuwa nikingoja ninyi mnijibu barua," akasema. "Niliwaandikia mara tatu."

Yule mzee alimtazama, akaandika kitu. Hakuna aliyetabasamu. Akatoka bila kujua kama amejenga au amebomoa, lakini hakutamani kulirudisha neno lile.

Susan alimpigia simu mwenyewe. Kiti kilikuwa chake. Cyrus alikuja kumshika mkono. "Nimeshindwa na Fanta," akasema, akacheka, na alikuwa na huzuni ya kweli chini ya kicheko, naye Jeptoo akaushika mkono ule kwa heshima yake.

Jumatatu asubuhi Jeptoo hakupanda ofisini kwanza. Alipita kwenye mstari wa kufungia, ambako Mzee Habiyaremye alikuwa akibana boksi kwa utepe. Akasimama mbele yake, watu wote wakiona.

"Mzee, mlikuja kubisha hodi. Nimewaletea jibu. Wamekubali."

Mzee hakuruka wala kupiga kelele. Aliweka utepe chini, akavua kofia, akakohoa kile kikohozi cha Jumamosi. "Bon. Tumesikia. Tunashukuru. Sasa tuingie mambo ya mahari. Ni nani analipa?"

"Mimi," Jeptoo akasema. "Nilianza kulipa zamani."

"Ilimalizika?"

"Bado."

"Hiyo ni mahari ya kweli," Mzee akasema, akarudisha kofia kichwani.

Kisha bosi mpya akavaa glavu, akaita wanaume wawili wa ghala, wakashika meza ya kupimia pembe kwa pembe, yeye akishika ya tatu. Wakatazama pembe ya nne. Mzee Habiyaremye akaacha boksi lake, akaja akaishika, na meza ikaanza kwenda zake kuelekea kwenye banda la baridi.