Glavu za Wasimamizi wa Wambui

Nikianza kucheka kabla sijamaliza mnisamehe, na nikilia pia mnisamehe, kwa sababu mpaka leo sijui kama haya mambo ni ya kucheka ama ya kulia, ninachojua ni kwamba kuna sehemu za Sugoi siwezi kupita nikiwa nimeinua uso. Wengine wenu mmesikia nusu yake mtaani, tena nusu iliyotiwa chumvi (eti bibi harusi alikimbia, hakukimbia, asiwadanganye mtu), kwa hivyo wacha niwape yote mimi mwenyewe niliyeileta hiyo aibu kutoka ng'ambo, kwa simu yangu na kidole changu.

Mnajua mimi ni fundi wa nguo za harusi hapa Eldoret, nashona, nakodisha, napamba mahema. Duka langu limepakana na la Kibet, yule anayeuza dawa za mifugo na ambaye ukimpigia simu anapanda pikipiki anakuja kupandisha ng'ombe wako kwa mrija, bila dume kuonekana hapo bomani. Sisi ni majirani wazuri, lakini kazi yake sikuwahi kuiangalia. Wazazi wetu walitoka Nyeri wakafungua duka hapa town, mimi na mdogo wangu Wambui tumelelewa nyuma ya kaunta, na maziwa kwangu ni kitu cha pakiti. Nawaambia mapema ili msinihukumu sana.

Basi Wambui akapata mchumba, Kiprono, kijana wa Sugoi, familia ya ng'ombe wa maziwa, watu wa heshima. Walitupokea vizuri, sina lawama, ila mama yake Kiprono kila tukikutana alikuwa anamwangalia Wambui kucha zake halafu anauliza kwa upole, "Na kukama, utaweza kweli?" Ule upole ndio ulikuwa unamuua Wambui. Siku moja akanijia dukani akakaa juu ya marobota ya vitambaa akaniambia, "Njeri, hiyo siku usiache kitu hata kimoja cha wao kunicheka. Hata kimoja." Nikamwahidi. Dada mkubwa ni wa nini?

Nikaagiza. Gauni kutoka Uturuki, vitambaa vya mahema kutoka India, viatu na glavu za wasimamizi kutoka China. Glavu ndizo Wambui alizipenda kuliko vyote, za neti laini, ndefu zinazopita kiwiko, kwenye picha zinang'aa na kuonyesha ngozi kama vile msichana amevaa maji. Sasa, mkileta vitu kutoka nchi tatu, kila kimoja na ndege yake na ushuru wake, mtazeeka, ndio maana sisi wafanyabiashara tuna ajenti kule Dubai, kila muuzaji anapeleka kwake, yeye anaviweka ghalani, vikitimia anavifunga vinakuwa mzigo mmoja unaokuja mara moja. Kibet aliposikia akasema, "Madam, si uniwekee na yangu kidogo hapo ndani? Ni glavu tu za kazi, kiwanda kinazituma kwa ajenti wako." Nikasema hakuna shida. (Glavu na glavu, zitasalimiana njiani.)

Shida ya mzigo mmoja ni kwamba wote mnamngoja yule wa mwisho. Gauni likafika Dubai, viatu vikafika, glavu zikafika, za Kibet zikafika, India kimya. Nikawa mtu wa simu. Naamka naangalia simu, nakoroga chai naangalia simu, mteja amesimama nimpime kiuno naangalia simu, mpaka mama mmoja akaniuliza kama nina mgonjwa. Wambui naye anapiga: "Imetoka?" Bado. Anapiga tena: "Na sasa?" Wambui, nimekwambia bado! Kibet anachungulia mlangoni, "Madam, kuna habari?" Nilikuwa siwezi kukaa, siwezi kusimama, nikienda sokoni narudi bila kile nilichoendea.

Vitambaa vya India vilipofika hatimaye, harusi ilikuwa imetuangukia. Ajenti akanitumia ujumbe: "Dada, maboksi ni mengi na mengine yamejaa hewa. Niyafungue, niyatupe, vyote nivifunge pamoja? Utaokoa nafasi, na mzigo utapanda ndege ya kesho." Mimi nina pini mdomoni, niko magotini nakunja pindo la gauni la mtu. Nikaandika kwa kidole gumba: "Toa yote. Harakisha tafadhali."

Maneno hayo machache. Mtu mwenye akili angeuliza, na zile alama za viwandani zilizo juu ya boksi, zikitupwa, tutajua cha nani ni kipi? Sikuuliza.

Mzigo ulifika Eldoret Ijumaa jioni, harusi ni Jumamosi. Nikaupasua pale pale dukani kwa makasi. Gauni, zuri. Viatu, sawa. Vitambaa vikapakiwa kwa pikapu mara moja viende Sugoi. Chini kabisa kulikuwa na vifurushi viwili vimefungwa kwa plastiki nyeusi na gundi, vyote vimeandikwa kwa kalamu nene neno moja, GLAVU. Kibet alikuwa amesimama hapo na helmeti kichwani, injini inanguruma. Nikapima kwa mkono, nikaona kifurushi kikubwa ni cha kazi na kile chembamba, chepesi, ni cha harusi. Si lazima cha kazi kiwe kizito? Nikamrushia kile kikubwa, akakitia kwenye boksi la pikipiki, akasema Mungu akubariki, akaenda.

Changu nilikifungua asubuhi huko Sugoi, kwenye chumba cha kuvalia, wasimamizi wanne wananizunguka, na nje tayari muziki unapigwa. Nikatoa moja. Nyembamba. Laini. Rangi ya waridi iliyofifia, inaonyesha ngozi, inang'aa. Ndefu, lakini ndefu kweli, inapita kiwiko inafika begani.

"Si ni kama plastiki?" msichana mmoja akauliza.

"Ndiyo fashoni ya sasa," nikamwambia. (Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu. Neti ya kwenye picha hata sikuikumbuka.)

Zilikuwa pana kidogo juu, zinateleza, na mimi si fundi? Nikatoa utepe mweupe, nikafunga kila moja begani, na juu ya kila utepe nikashona kaua. Nilishona haraka haraka, jasho linanitoka, Wambui kwenye kiti anapakwa poda, anauliza, "Zinakaa vizuri?" Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Vizuri sana."

Mahema yalikuwa yamejaa. Mstari wa mbele wamekaa wazee wa kina Kiprono, kofia na fimbo, nyuma yao majirani, na ninyi mnajua Sugoi, kila mtu aliyekaa pale ana ng'ombe. Muziki ukabadilishwa, wasimamizi wakaingia wakicheza wawili wawili, ule mchezo wa kupeleka mikono juu, kushoto, juu, kulia. Mikono minane imeinuliwa, jua linapiga zile glavu zinametameta. Mimi niko kando ya hema nashikilia simu nirekodi, wanaonipigia nawakata bila kuangalia ni nani, moyo umeanza kutulia kwa mara ya kwanza tangu ule mzigo ulale Dubai.

Halafu kukawa kimya. Si kimya cha kushangaa uzuri. Muziki unaendelea lakini watu wameacha kupiga makofi. Nikaona mzee mmoja wa mbele anainama, anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. Akamgeukia mwenzake na kuuliza kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, yaani sauti ya hema zima:

"Sasa ng'ombe iko wapi?"

Jamani. Lile hema lilipasuka. Watu walicheka mpaka viti vya plastiki vikaanza kuanguka, mama mmoja akajifunika leso usoni, pasta akageuka akawa anasoma Biblia ambayo naapa alikuwa ameishika juu chini. Mimi bado sijaelewa. Nikamshika mama aliyekuwa karibu nami, nikamuuliza, kwani nini? Akaniambia machozi yakimtoka, "Mama, hizo ni za daktari wa kupandisha. Ndizo anavaa akiingiza mkono kwa ng'ombe, huko nyuma."

Na wale wasichana maskini, hakuna aliyewaambia waache, waliendelea kucheza huku plastiki imewatoa jasho, jasho limejaa vidoleni, wakiinua mikono linateremka mpaka kwapani. Nikaanza kukimbia niwafuate niwavue, na hapo ndipo Kibet akatokea upande wa zizi.

Alikuwa na ovaroli na gambuti. Baadaye nilijua kwamba ng'ombe bora wa mama Kiprono alikuwa ameonyesha dalili za joto asubuhi hiyo, yaani anataka dume, na ng'ombe hajui harusi, ukiikosa siku yake unangoja wiki tatu, kwa hivyo mama mwenyewe alikuwa amemwita Kibet aje afanye kazi yake huko nyuma polepole. Kibet akaandaa mrija, akamfunga ng'ombe, akafungua kifurushi changu. Sasa alikuwa amesimama mbele ya watu wote ameshika kwa vidole viwili glavu ya neti nyeupe yenye shanga kwenye kifundo.

"Madam Njeri," akaniita, tena kwa heshima, "nimekupigia simu mara nyingi. Hii haitaweza."

Sasa hata wale waliokuwa wamejizuia waliachilia.

Nikageuka nyuma, na Wambui alikuwa amefika. Amesimama mlangoni mwa hema na gauni lake la Uturuki, baba akiwa amemshika mkono, na alichosikia ni watu mia wakicheka wakati wa yeye kuingia. Akaniangalia. "Wananicheka mimi?"

"Hapana, ni glavu, Wambui, ni mimi, nilibadilisha..." Nikanyoosha mkono.

"Usiniguse."

Akaachilia mkono wa baba, akaingia peke yake. Alitembea katikati ya kile kicheko bila kuangalia kando, shingo imesimama, lakini mimi ni dada yake, niliona vidole vimeng'ang'ania gauni. Kicheko kikapungua, kikafa kabisa.

Mama Kiprono akainuka. Alitembea taratibu mpaka kwa msimamizi wa kwanza, akamfungua utepe, akamvua ile glavu moja, akampa Kibet na kaua kake begani. "Daktari, nenda. Usichelewe." Halafu akamgeukia Wambui, akamshika mikono yote miwili. Nilijua sasa anamuuliza lile swali la kukama, nikafumba macho.

"Mtoto wangu," akasema, na alisema kwa Kiswahili ili sisi wote tusikie, "mimi niliolewa mvua ikinyesha, hema ikaanguka, pasta akaanguka. Watu wakacheka. Wewe wamecheka na bado umetembea. Mimi singeweza. Kuja ukae."

Wambui akacheka na kulia kwa pamoja, ile poda yote ikaharibika, na Kiprono akaja akampa kitambaa chake. Wasimamizi wakavua zilizobaki wakasimama na mikono mitupu, na ndoa ikafungwa vizuri, pilau ikaliwa, na niliposogea kumkumbatia mdogo wangu akanikumbatia kwa mkono mmoja.

Simu zangu hakushika kwa muda mrefu. Alipokuja dukani hatimaye, alikaa juu ya marobota akaniambia, "Haikuniuma wao kucheka. Iliniuma kwamba msichana alikuuliza kama ni plastiki, na ukamjibu haraka tu." Nilimwambia pole, akasema sawa, lakini aliisema sawa ile ya polepole, na mpaka leo akitaka kitu kutoka ng'ambo anaagiza mwenyewe.

Kwa hivyo nimeapa, na ninyi ni mashahidi. Mzigo wa watu wengi sichanganyi tena bila kila mwenyewe kuwepo na kufungua chake mbele yangu, ajenti akiniuliza kama atoe maboksi nampigia simu hapo hapo nikipiga kelele "Usiguse!", hata kama ni hewa tupu wacha hewa ije na ndege. Na mtu akiniuliza swali nikiwa na haraka, naweka pini chini kwanza.

Lakini Sugoi hawajasahau. Juzi nilikuwa nimepeleka gauni huko, nikapita karibu na lango la kituo cha kupeleka maziwa, na wazee waliokuwa hapo walinitazama, kisha mmoja akaunyoosha mkono, akaupitisha mwingine juu yake polepole mpaka begani, kama mtu anayevaa glavu ndefu. Nikampungia wangu, nikaongeza mwendo.