Vidonge Nilivyoviacha Msimu wa Matuta

Siku ile naikumbuka kwa kicheko chake, mwanangu. Tulikuwa wanaume tisa shambani kwa baba mkwe wangu, huko Mollo, tukifukia majani kwenye matuta ya duara ili yaoze yawe mbolea, kama Wafipa tunavyolima tangu zamani. Kila mtu na mstari wake, na pombe ya ulezi ikitusubiri nyumbani. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na sikujua kuchoka.

Wiki mbili kabla, muuguzi wa zahanati alinipima presha akanipa vidonge. "Kila asubuhi, kaka, hata ukijiona mzima." Vidonge vile vilinikojoza sana. Asubuhi ile niliacha mstari mara nne kwenda kichakani, na mara ya nne rafiki yangu Desideri akaegemea jembe lake.

"Jamani, mkwe anapima mipaka ya shamba!"

Walicheka wote, hata baba mkwe. Nikaona haya. Kesho yake sikumeza. Nitaanza tena matuta yakiisha, nilijiambia. Lakini matuta yakiisha kuna kupanda, kuna palizi, kuna kuvuna, na mwaka umeanza upya. Kichwa hakikuniuma, nikaamini nimepona. Miaka mingi ikapita, nikawa nasahau majina na kuburuta hatua kidogo. Nikasema ni uzee tu.

Mwaka jana kikombe cha uji kiliniponyoka mkononi, mdomo ukaenda upande. Wewe ndiye uliyenipakia kwenye gari la mahindi hadi hospitali ya mjini. Tuliwahi. Wakanipiga picha ya kichwa, wakanichoma dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa. Kwenye kitanda cha jirani alilala mwalimu mmoja wa Kaengesa, mzee wa umri wangu, aliyeletwa siku hiyohiyo na kuchomwa dawa hiyohiyo. Siku ya sita aliniaga, akaondoka kwa miguu yake. Mguu wangu wa kulia ulikuwa bado gogo, na mkono wa kulia hadi leo haufungi vifungo vya shati.

Nikamgeukia daktari, binti mdogo. "Yeye mmempa dawa, mimi mmenipa maji?"

"Shikamoo kwanza, babu," akasema, nami nikacheka kwa nusu ya mdomo. Akaniwekea picha mbele. "Mshipa wako umefunguka kama wake. Lakini tazama mabaka haya. Hapa hupita nyuzi zinazopeleka amri ya ubongo hadi mguuni. Zako zilikuwa zimechakaa kabla ya kiharusi, na presha ya miaka mingi huzichakaza hivi. Dawa imezuia madhara mapya. Ya zamani haiyafuti."

"Basi sitatembea?"

"Sijasema hivyo. Utafanya kazi kubwa kuliko mwalimu. Zifundishe nyuzi zilizobaki, hatua kwa hatua, kila siku."

Nimezifundisha. Kutoka mlangoni hadi tuta la kwanza ni hatua arobaini. Miezi mitatu niliishia nusu, nikaanguka, nikainuka na udongo magotini. Jana nimefika. Nililigusa tuta kwa fimbo, nikarudi ndani kukupa habari, nikakukuta unasukuma pakiti ya vidonge vyako vya presha nyuma ya redio.

"Nitaanza tukimaliza matuta, baba."

Sikulala vizuri kwa maneno hayo. Mwanangu, meza leo. Vikikusumbua, rudi zahanati ukaseme, wakubadilishie, usijiachishe mwenyewe. Presha hula ubongo kimyakimya, na siku ya kiharusi dawa nzuri kabisa itafanya kazi na kile ulichokitunza. Wakikucheka shambani, cheka nao, kisha rudi kwenye mstari wako. Kesho nitatembea hatua zangu arobaini nikakae mwanzo wa mstari huo, na atakayekutania nitamwita aje anifunge vifungo vya shati.

Mungu akupe uzee wa kujifungia vifungo mwenyewe, na miguu yako ikufikishe kwenye matuta ya wajukuu zako.