Aliyefungua Kitambaa cha Musambwa

Nilipokuwa mtoto sikuamini neno la mtu hata kidogo. Ukiniambia mna nyoka ndani ya mtungi, nitaingiza mkono. Mama alisema nimezaliwa na macho ya askari wa forodha, na alisema hivyo bila kucheka. Tulikaa Mbale, baba yangu akiwa fundi cherehani karibu na msikiti, na mwaka niliotimiza miaka tisa mimba ilimlaza mama kitandani. Nikapelekwa kwa mama yake, nje ya mji wa Jinja, kando ya ziwa, ili nisiwasumbue. Usumbufu nilikwenda nao.

Jaja, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, alisuka mikeka ya mafunjo. Ghuba ndogo mbele ya kijiji ilijaa mafunjo hayo, marefu kuliko mtu, na kila mtu alikata alipotaka, isipokuwa upande mmoja wa ndani. Huko, kwenye shina moja nene, palifungwa kitambaa cha gome la mti, chekundu kama udongo. Hapo hapakatwi, hapategwi, hapaogwi. Ni mji wa musambwa, pepo mwenye maji. Jaja alirithi kazi ya kukilinda kitambaa hicho kutoka kwa mama yake.

"Na mtu akikifungua?" nilimwuliza.

"Haishi tena hapa. Wanamtoa, yeye na mzigo wake."

"Hata mtoto?"

"Mtoto anabaki na jina baya mpaka azeeke. Nani atamwoa?"

Sawa. Ningeamini, kama nisingemwona Jaja mwenyewe akiingia humo. Mvua za masika zilipoanza, kila asubuhi alichukua kikapu kilichofunikwa akatokomea ndani ya mafunjo. Alirudi miguu imelowa, hasemi kitu. Eti musambwa! Nikajiambia, huyu mzee anatuzunguka sote, ana kitu chake humo.

Siku moja nikamfuata. Nilimkuta ameketi juu ya rundo la mizizi, miguu majini. Alitoa buni chache za kahawa kikapuni, akazitupa majini polepole, akisema maneno ambayo sikuyasikia. Kisha akainama kutazama. Nami nikanyoosha shingo. Samaki! Vitoto vya ngege na kambale, vidogo kama punje za ulezi, vingi visivyo na idadi, vikizunguka mashina. Jaja aliwatazama kama mtu anayetazama vifaranga vyake. Basi, hakuna zaidi. Nasema kweli, nilikasirika. Watu wazima wanapita pale wameinamisha vichwa, kumbe wanawaogopa vijisamaki!

Kesho yake nilikwenda peke yangu nikakifungua kitambaa. "Kama upo, nipige," nilimwambia musambwa, moyo ukinidunda mpaka masikioni. Nilikificha chini ya mkeka wangu wa kulalia nikangoja. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Siku ya tatu nilijiona mwerevu kuliko kijiji kizima.

Jambo moja sikulijua, na mtoto yeyote wa pale angelijua. Kitambaa kikitoweka, watu husema musambwa amehama, na mji uliohamwa hauna mwenyewe. Miaka ile Jinja ilikuwa ikijengwa mbio mbio, vibarua walimiminika kutoka kila upande, na mafunjo ya kuezekea vibanda vyao yalitakiwa kila siku. Mzee Waiswa, mvuvi jirani yetu, ndiye aliyeliona shina tupu. Kabla ya jua kufika utosini mapanga yalikuwa kazini. Walikata siku mbili, mpaka ghuba yote ikabaki maji matupu.

Ndipo shaka ikaja, imechelewa kama kawaida yake. Mbona hakuna aliyeota ndoto? Mbona mlinzi hakutangaza? Alasiri walijaa uani kwetu.

"Jaja, amehama, au amehamishwa?" Mzee Waiswa aliuliza. "Wengine wanasema umemuuza kwa watu wa Jinja."

Mwanamke mmoja akadakia kutoka nyuma, "Anaingia humo kila asubuhi na kikapu! Nani hajui?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mkeka wangu ulikuwa hatua tatu nyuma yangu, na Jaja aliukunja akafagia chini yake kila siku iendayo kwa Mungu. Hilo sikuwa nimelifikiria mpaka dakika ile.

"Nilikifungua mimi," Jaja akasema.

"Kwa nini, mama?"

"Nimesema ni mimi. Mnataka nini tena?"

Hawakumpiga wala hawakumtukana. Walimpa siku tatu. Tulipanda basi la Mbale, mimi na yeye na mikeka miwili, na njia nzima alinishika mkono. Hakuniuliza kitu.

Mvua za mwaka uliofuata, mawimbi yalipanda mpaka mashamba ya viazi, kwa kuwa hapakuwa na cha kuyazuia tena. Nyavu zilirudi na magugu. Habari hizo alituletea Mzee Waiswa mwenyewe. Alikuja Mbale amekonda, akaketi sebuleni kwetu, kofia magotini.

"Rudi, mama," alisema. "Musambwa ametukasirikia."

"Usimsingizie, Waiswa. Samaki walikuwa na chumba cha kuzalia, mmekibomoa. Mama yangu aliwaambia baba zenu hivyo hivyo, wakamcheka. Alipofunga kitambaa, wakanyamaza."

Sijui mpaka leo kama Jaja aliamini kuna musambwa. Lakini zile buni alizitupa akiwa peke yake, bila mtu wa kumdanganya.

Mzee Waiswa alikuna kichwa. "Kama ulijua hayo yote, kwa nini ulikifungua?"

Nilikuwa nimesimama kati yao, nimeshika birika la chai. Jaja hakujibu. Hakunitazama. Alitazama mikono yake akanyamaza, muda mrefu kuliko mtu anayetafuta la kusema.

Jaja tulimzika Mbale, chini ya mlima, mbali na maji. Nimewashuku watu wengi katika maisha yangu, wafanyabiashara, majirani, hata mume wangu, Mungu amrehemu, na mimi hakuna aliyewahi kunishuku. Jaja naye hakunishuku, alijua. Leo ninaelewa kwamba siku ile alikuwa ananiachia nafasi niseme mwenyewe, na kwamba ningesema, angerudi kwao na jina safi. Nami nikainama, nikamwuliza Mzee Waiswa kama anaongeza sukari.