Sadaka ya Baiskeli ya Baba

Baba yangu alikuwa na cheo wizarani na magari mawili nje ya nyumba yetu ya Bawshar, na kila Alkhamisi asubuhi, siku ya mapumziko kwetu, alipanda baiskeli. Miaka ile ya tisini, Maskati ukimwona mtu juu ya baiskeli ujue ni kibarua wa kigeni anakwenda kazini. Jirani walikuwa wakisimamisha magari kumuuliza kama gari yake imeharibika, wampe lifti. Yeye anapita zake, suruali kaichomeka ndani ya soksi, kofia kichwani, anawapungia mkono kama bwana harusi.

Mimi nilikuwa abla, mwalimu wa kike, kwenye skuli moja ya Ghubra, tena wa wasichana wenye midomo. "Abla, tumemwona baba yako!" Darasa zima linaangua kicheko. Niliona haya, wallahi niliona haya, na sikuwa mtoto.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya kampuni moja ya Ufaransa. Jina lake siliandiki. Limeuzwa na kununuliwa vya kutosha. Baba alizaliwa Bujumbura, na ujanani mwake duka lililokuwa likiziuza baiskeli hizo huko liliwavika vijana watano, yeye mmojawao, fulana za kampuni, wakawa timu, wakashindana kwenye barabara ya ziwani. Alishinda mara moja tu. Siku ya kuhamia Oman aliacha makochi, akaacha vyombo, akaifungua baiskeli vipande vipande akaja nayo. Mama, mwana wa Unguja aliyeolewa bara, hakumsamehe. "Cherehani yangu kaiacha," anasema, "hilo libaiskeli kalivika mablanketi!"

Historia ya kampuni ile tuliijua kama watoto wengine wanavyoijua Juzuu Amma ya Kurani. Kulikuwa na fundi na karakana yake ndogo. Akaona baiskeli haiuziki kwa maneno, inauzika ikishinda, basi akaajiri waendeshaji, akawavika rangi za kiwanda. Vita vya pili vya dunia vikapita, watu wakaanza kununua pikipiki, kisha magari, na kiwanda hakikuweza tena kuilisha timu. Wakaja wauza vinywaji na wauza mafuta ya nywele, majina yao yakaandikwa kifuani, la kiwanda likasukumwa pembeni. Hapo baba hupandisha sauti: "Mtu muuza pombe, anakaa kifuani!" Mwisho timu ikavunjwa, kiwanda kikauzwa, na jina likawa linabandikwa kwenye baiskeli zilizotengenezwa nchi nyingine.

Tulipofunga dishi akawa anatazama mbio kubwa za Ufaransa kila mwezi wa saba. Mbio zinamalizika wakati wa adhana ya Maghribi, kwa hiyo yeye huondoka kwenda msikitini zikiwa zimebaki kilomita chache, na mimi hubaki kumtazamia nani kashinda. Kisha zikaanza habari za madawa ya kuongeza nguvu, mwaka hadi mwaka, waliosifiwa leo wanaaibishwa kesho. Siku moja nikamcheka. Nikamwambia, baba, hao wote wezi, na kampuni yako imeshakufa.

Akanitazama. "Na mimi niliiba nini?"

Alizima televisheni akaenda kuutia mafuta mnyororo.

Kiharusi kilimpata ofisini, miaka ya elfu mbili imeanza tu. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito, akawa analala hospitali anatutazama kama tunazungumza lugha asiyoijua. Nyumbani tukafanya wanachofanya watu wetu wakiwa na mgonjwa: tukatoa sadaka. Mama alitoa mchele, akachinja mbuzi. Hali ikabaki vile vile. Nikasema sadaka yenyewe ni ile ya kitu unachokipenda, na baba hana anachokipenda kuliko baiskeli.

"Muulize mwenyewe kwanza," mama akasema.

"Atanijibu nini, mama? Hata mimi hanijui."

"Wewe mwana wewe. Kitu si chako."

Sikumsikiliza. Niliitoa stoo, nikaisukuma hadi kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa pembeni yetu, nikampa Mbangali mmoja aliyekuwa akichanganya saruji. Masikini alifurahi mpaka akashika kichwa. Niliporudi nilijiona mtoto mwema kupita wote. Leo nnajua kilichonipeleka mbio vile. Nilitaka baba apone, hilo kweli, lakini nilitaka apone asipande tena baiskeli.

Akarudi nyumbani. Akaanza kututambua, akaanza kusema neno moja moja. Akaletewa mama mmoja Mkenya, mtaalamu wa kuwafundisha waliopooza kutembea, mcheshi, mwenye mikono yenye nguvu. Wiki ya kwanza baba hakutaka hata kukaa. Wiki ya pili akasimama, akaelekeza kidole nje, ng'ambo ya ua, kwenye mlango wa stoo.

"Dada, huyu mzee ako na kitu anataka huko stoo," Mkenya akaniambia. "Kuna nini?"

Baba ananitazama. Nikasema, "Baiskeli yake."

"Wacha! Basi dawa tumeipata. Mzee, tutaenda mpaka tuishike hiyo baiskeli. Sawa?"

Baba akacheka. Nusu ya uso tu ndiyo iliyocheka, lakini alicheka, mara ya kwanza tangu augue. Nani angesema ukweli pale? Mimi sikuweza.

Ikawa ndiyo safari yake. Hatua nne, kisha saba, kisha mlango wa chumba. Jasho linamtoka, mguu anauburuta, hataki kiti. Alipofika ukumbini mama alipiga vigelegele, kisha akanivuta jikoni. "Mwambie." Nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho.

Nikaenda kumuuliza mjomba wangu, mtu aliyesoma dini. "Ilikuwa yako?" La. "Mwenyewe aliridhia?" Hakuweza kusema. "Basi hukutoa sadaka. Umechukua mali ya mtu. Irudishe." Lakini nyumba ile ya pembeni ilikuwa imeshakwisha kujengwa, vibarua wamehamishiwa Sib. Siku tatu nilizunguka Sib kwenye majengo, nachungulia kila baiskeli iliyoegemezwa ukutani, nawauliza watu habari za mtu ambaye hata jina sikumuuliza. Nilirudi mikono mitupu.

Na baba alikuwa ameshafika uani. Hapo nilianza kuomba asiweze. Nnalisema wazi, lisinikabe: nilikaa juu ya msala nikamuomba Mungu baba yangu asifike ng'ambo ya ua.

Alifika. Ilikuwa Alasiri, Mkenya kamshika kwapa moja, mama yuko nyuma anasoma dua. Alikataa kufunguliwa mlango. Akashika kitasa kwa mkono ule mbovu, akahangaika nacho, akaufungua mwenyewe. Mle ndani mlikuwa na pampu ukutani na doa la mafuta sakafuni. Mkenya akaniangalia, akaelewa, akainamisha uso.

Nikamwambia nimeitoa sadaka kwa ajili yake, apone. Akalitazama lile doa. Kisha akanigeukia, na maneno yakatoka moja baada ya jingine, hayakukwama hata moja:

"Nilikufa lini?"

Kwetu vitu vya mtu hugawiwa akishazikwa. Nikaanguka miguuni pake, nikalia, nikasema nisamehe baba. Hakuniondosha, wala hakunigusa. Akamwashiria Mkenya alete kiti cha magurudumu, akakaa, akasukumwa kurudi chumbani.

Jumamosi Mkenya alikuja kama kawaida. Baba alimgeuzia mgongo. Akaja wiki nzima, akambembeleza, akamtania, mwishowe akaniambia, "Dada, mimi nisiwadanganye, huyu ameacha." Baba aliishi miaka minne baada ya hapo, na hakupiga hatua tena.