Nilipofunga Huku Nikinyonyesha

Mwaka tuliohamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Mgori, mtoto wangu wa miezi mitano alishikwa na homa na kuharisha. Nilikuwa nimeshazika wawili kabla yake. Aliposhindwa kunyanyua shingo niliogopa kwa namna ambayo sijapata kuogopa tena.

Zahanati tulikwenda. Mganga alinimiminia dawa kwenye chupa niliyotoka nayo nyumbani, akasema nimnyonyeshe sana, basi. Nikaona amenipuuza. Mtoto anakwisha, mtu ananiletea habari za kunyonyesha. Nilikuwa mkaidi siku zile, na nilikuwa nimeokoka miezi michache tu, kwa hiyo moto wangu ulikuwa mkali kuliko akili yangu. Nilipofika nyumbani nilipiga magoti kando ya kitanda cha kamba, nikamwahidi Mungu kwamba sitatia kitu mdomoni mpaka mtoto apone. Ndivyo tulivyozoea akina mama wa kanisa letu: jambo likiwa zito, unaacha chakula. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba anayenyonyesha hafungi, na mimi sikuuliza.

Hata maji sikunywa. Mume wangu alirudi kutoka shamba la kijiji, akasonga ugali mwenyewe, akaniwekea na mlenda. Nikausogeza pembeni. Aliponigombeza nilimjibu kwamba imani yake ni haba. Jibu lile linaniuma mpaka leo.

Siku ya pili jioni matiti yalikuwa yamelegea. Siku ya tatu asubuhi mtoto alivuta, akaachia, akavuta tena, kisha akabaki kunitazama. Hakulia. Nilimshukuru Mungu nikidhani ametulia, kumbe hakuwa na nguvu za kulia.

Saa nne hivi alikuja kiongozi wa akina mama wa kanisani, mwanamke wa makamo, kutuombea. Nikamwamkia, akaitikia, akampakata mtoto. Halafu akanibinya titi bila kuniomba ruhusa.

"Umekula lini?"

"Juzi, mama. Nimefunga kwa ajili yake."

Alikwenda jikoni, akawasha moto, akakoroga uji wa uwele, akaniletea kwenye bakuli.

"Kunywa."

"Nimeweka nadhiri, mama. Nikiivunja Mungu atamchukua."

"Huyu anakula kwako, binti yangu. Ukifunga wewe, umemfungisha na yeye." Akanishikisha bakuli. "Nadhiri yako naichukua mimi. Mimi sinyonyeshi. Kunywa."

Nilikunywa huku nalia, kwa hofu na kwa aibu. Alimwekea mtoto mkono kichwani, akamwombea kwa Kinyaturu, maombi mafupi, kisha akachukua jembe lake akaenda shamba la kijiji, maana siku ile ilikuwa zamu ya safu yetu ya nyumba. Yale maneno ya kuchukua nadhiri niliyaona ni ya kunibembeleza tu, kama unavyombembeleza mtu mgonjwa.

Nilikunywa uji hadi nikauchukia. Dawa ya mganga nayo nilimpa mtoto kijiko kwa kijiko. Maziwa yalirudi polepole. Yule mama alipita kila jioni, akaomba, akanywa maji ya mtungini, akaondoka. Nilipomkaribisha chakula alisema ana haraka.

Siku ya nne tangu aje, mtoto alilia. Alilia kwa sauti na hasira, miguu ikipiga, mpaka jirani akachungulia mlangoni. Yule mama alikuwa ndiyo kwanza anatoka shambani na vumbi lake. Aliisikia sauti akiwa njiani. Akaja akaketi kizingitini, akamsikiliza mtoto mpaka nilipompa titi akanyamaza.

"Amen," akasema taratibu. "Sasa na mimi nipe uji."

Nikamjazia bakuli. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na mikono ilimtetemeka hivi kwamba ilinibidi nimshikie bakuli ndipo anywe.